Redio ya Jirani na Shimo Jeusi

Baba alinitia aibu kwa kujaribu kunikinga nayo, na mpaka leo sijui nimlaumu au nimshukuru.

Ilikuwa likizo yangu ya kwanza kutoka chuo kikuu. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, malori ya watu binafsi yakipanda mpaka Mlalo kufuata kabichi, na kijiji kizima kilikuwa kwenye msaragambo, kila nyumba na jembe lake, tukifukia makorongo ya barabara kabla ya mvua. Wakati wa kupumzika wakaniuliza nasomea nini. Nikawaeleza kuhusu shimo jeusi: nyota kubwa ikifa hujibomokea ndani kwa ndani, ikawa na mvuto ambao hata mwanga hauwezi kuchomoka ndani yake.

"Na ndani mna nini?" akauliza jirani yetu, bibi mmoja mjane.

"Hakuna anayejua, bibi."

Wakacheka. Mzee mmoja akasema serikali yenyewe siku hizi haigawi ajira, sasa nani atamlipa binti huyu kwa kutojua? Baba, aliyewatambia mwaka mzima, akainamia jembe lake.

"Anawatania tu," akasema. "Anasomea mambo ya redio."

Nikashika jembe langu bila kumpinga, maana uso wake ulikuwa unaniomba.

Asubuhi yake yule bibi akaja na redio yake ndani ya khanga. Ilikuwa inakwaruza tu, hasikii matangazo ya vifo, na aliogopa ndugu zake wa Magoma wangezikwa bila yeye. Niliifungua mezani. Milinganyo ya chuo nilikuwa nimeikariri yote, lakini mbele ya zile nyaya sikujua hata pa kuanzia. Nilipoifunga, skrubu mbili zilibaki mkononi na hata ule mkwaruzo haukuwepo tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi aliporudi, baba alinitangulia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Binti aliitengeneza vizuri, mimi nikaiangusha. Chukua hii yetu."

Jioni, saa ya taarifa ya habari, alikaa kwenye kiti chake kama kawaida, akitazama rafu tupu. Nilishindwa kula.

"Kinachoingia kwenye hilo shimo lako," akaniuliza, "kinapotea kabisa?"

"Wataalamu wanabishana, baba. Wengine wanasema kinapotea, wengine wanasema haiwezekani."

"Na wewe?"

"Sijui, baba."

"Basi rudi ukajue," akasema. "Redio nimeshaitoa."