Kitabu cha Sinema na Shina la Mgomba

Kitabu chenyewe sikuwahi kukisoma. Kilikuwa cha Kiingereza, na mimi niliishia darasa la nne kule Mbuba, Ngara, kabla sijaolewa Biharamulo. Ninachokijua ni kile mume wangu alichotueleza, mimi na wanakijiji wenzangu, na kile alichokiandika kwa Kiswahili kwenye daftari lake. Daftari nalo sinalo tena. Kwa hiyo nikikosea mahali, kosa ni langu, si lake.

Mume wangu alikuwa mwalimu. Asubuhi alifundisha watoto, na jioni alifundisha watu wazima, mimi nikiwa mmoja wao, maana hata kile kidogo nilichokijua kilikuwa kimeanza kunitoka. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Nyamahanga, mwaka ule tulipoambiwa kila mtu aache migomba yake akajenge kwenye mstari. Shamba la baba mkwe lilibaki huko nyuma, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Hapa tulipanda migomba mingine, lakini ilikuwa myembamba na udongo haukuipenda. Baba mkwe hakuwahi kuiita migomba. Alisema, "Vile vijiti vyenu."

Kitabu mume wangu alipewa na mwalimu mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kilikaa sandukuni bila kazi hadi lilipokuja gari la sinema kutoka wilayani. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala. Kwanza tulionyeshwa jinsi ya kuchemsha maji ya kunywa na jinsi ya kuchimba choo. Kisha, sijui ni kwa makosa au kwa kutuburudisha, wakaonyesha watu wanaosafiri kati ya nyota ndani ya chombo cha chuma. Mwishoni chombo cha adui zao kililipuka kwa kishindo, na kina mama wa mbele wakaangukiana na watoto wao. Kwa wiki nzima kijiji hakikuwa na habari nyingine. Watu waliulizana kama huko angani nako kuna wajumbe wa nyumba kumi, na kama kuna wajumbe, basi nani huwachagua.

Hapo mume wangu akakumbuka kitabu. Ndani yake, kila sura ilichukua jambo moja la kwenye sinema za namna ile ikauliza: hili linawezekana, au ni la kutungwa? Alianza kukitafsiri jioni baada ya kazi, na kamusi iko gotini. Wakati mwingine ukurasa mmoja ulichukua siku nne. Nikimwambia apumzike, alisema anapumzika.

Somo la kwanza lilihusu kile kishindo. Alitueleza kwamba kitabu kinasema ni uongo. Sauti husafiri ndani ya hewa, na huko juu hewa hakuna, kwa hiyo chombo kikilipuka utaona moto tu, kimya. Mpaka hapo tulikuwa pamoja naye. Lakini kamusi ilikuwa imempa neno moja kwa mahali pasipo na kitu chochote, naye alikuwa ameliamini. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: ANGANI KUNA UTUPU.

Sisi tulilijua neno hilo kutoka kwa katekista. Lilikuwa neno la mzee Nuhu alipolewa divai, akalala bila nguo, na mwanawe akamwona. Hatukujua kwamba lina maana nyingine. Jirani yangu, mama aliyekuwa haogopi mtu, akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo wale wa kwenye sinema, nguo walivaa za nini?"

Watu wakacheka. Mume wangu akasema, "Sisemi uchi, mama. Nasema utupu. Maana yake hakuna kitu."

"Si ndiyo hivyo," jirani akasema. "Hakuna kitu. Ndiyo uchi wenyewe huo."

Mimi sikucheka. Baba mkwe alikuwa amekaa benchi la nyuma, na mimi mkaza mwana wake nilikuwa mbele yake, na aliyekuwa akilitaja neno lile tena na tena ni mtoto wake wa kumzaa. Kwetu jambo la namna hiyo halina pa kuliweka. Niliinama nikatazama miguu yangu. Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu, kisha mlango. Hakuingia tena darasani. Mume wangu alienda kumwomba radhi, akasamehewa, lakini mzee akasema masomo ya angani asimhusishe nayo. Kwenye daftari, mume wangu alilifuta neno lile kila lilipokuwepo, akaandika juu yake "mahali pasipo hewa".

Masomo yaliendelea. Baba mkwe alianza kuja jioni kukaa kwenye gogo nje, chini ya dirisha la darasa, akisema anatusubiri turudi nyumbani pamoja. Nilidhani anapumzisha miguu.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote lilihusu nyota. Kwenye sinema wale watu waliiona nyota wakaelekeza chombo kwake moja kwa moja. Kitabu kilisema wangeweza kufika wasikute kitu. Nyota ziko mbali mno, na mwanga wake hukaa njiani miaka mingi sana, na nyota inaweza kuzimika huku mwanga wake bado unakuja. Jirani yangu akakataa. Kama imezimika, akauliza, mbona naiona?

Mume wangu akamwambia, "Huioni ilivyo, mama. Unaiona ilivyokuwa."

Hakuna aliyeridhika. Mimi pia sikuridhika.

Kisha vita vikaja. Wavamizi waliingia Kagera, nasi tukaanza kuona malori yakipita kwenda kaskazini, yamejaa vijana wanaoimba. Mume wangu alikuwa amepata mafunzo ya mgambo, akaitwa. Siku ya kuondoka alinipa kitabu na daftari, akaniambia amefika katikati, nisiruhusu panya. Sikumjibu kwa neno zuri. Nilimwambia mtu anayekwenda vitani angeagiza habari ya watoto, si ya panya. Akacheka. Basi, tuliagana hivyo, na maneno yale siwezi kuyabadilisha sasa.

Taarifa ilikuja mvua zilipokuwa karibu kwisha. Katibu wa kijiji alifika na mtu wa wilayani, wakakaa, wakakataa maji, nikajua. Alikuwa amefia ng'ambo ya mpaka, na amezikwa hukohuko pamoja na wenzake.

Kwao, kama kwetu Ngara, mtu akifia mbali na mwili usiletwe, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Bila hivyo msiba haufungwi, watu hawanyoi nywele, na marehemu hana pa kukaa. Baba mkwe akapanga siku. Lakini siku mbili kabla yake, barua ilifika.

Ilikuwa na mwandiko wa mume wangu. Haikuwa na tarehe wala jina la mahali, maana aliandika kwamba hawaruhusiwi kuvitaja. Alisema yu mzima, mguu tu umechubuliwa na buti. Aliuliza kama migomba imeshika, na kama panya wamefika kwenye kitabu. Alisema usiku walilala porini, mizinga ikilia mbali, na kwamba alihesabu kutoka kuona mwako hadi kusikia mlio, kama kitabu kilivyofundisha, akajua ni kilomita ngapi. Alisema hesabu ile ilimpa usingizi.

Nilikwenda kwa baba mkwe na barua mkononi, nikamwambia hatutazika. Nilisema kwa sauti ambayo mkaza mwana haitumii. Wametuletea habari wiki tatu zilizopita, nikasema, na barua imekuja leo. Kipi ni cha karibuni? Walikosea jina. Watu wawili huweza kuwa na jina moja. Nilisema nikizika mgomba, na yeye akarudi, nitamtazama kwa macho gani?

Mzee hakuwa anajua kusoma vizuri. Aliichukua barua taratibu mkononi mwangu, akaiangalia kama mtu anayeangalia ngozi ya mbuzi, mbele na nyuma. Kisha akanirudishia.

"Mama," akasema kwa Kisubi, "humsomi alivyo. Unamsoma alivyokuwa."

Nilimwuliza maneno hayo ameyatoa wapi, ingawa nilijua.

"Dirishani," akasema. "Mlidhani nimekaa pale kwa ajili ya miguu?"

Tukakaa. Mkwe na mkaza mwana hawakai benchi moja, lakini tulikaa. Kisha akalitaja lile neno la darasani. Sikutegemea kulisikia kinywani mwake, na nilitazama chini kama siku ile darasani. Alisema mtoto wake hakukosea siku ile, neno lilikuwa sahihi, ila watu hatukuwa tumefika mahali pa kulielewa. "Huo ndio utupu," akasema, akionyesha mkeka aliokuwa akilalia mume wangu mchana, umekunjwa ukutani. "Unaita, na sauti haipiti."

Kesho yake aliondoka alfajiri peke yake. Alirudi mchana, ana tope mpaka magotini, amebeba shina begani. Watu wa kijiji walikuwa tayari wamekata la hapa, kutoka kwenye mistari yetu. Alilitazama akaliweka kando. Akasema mwanawe hatazikwa kwa kijiti. Lake alikuwa amelikata kwenye shamba la zamani, na lilikuwa nene, linatoa maji bado.

Watu wameniambia mara nyingi kwamba nilikuwa na moyo wa imani siku ile. Hapana. Sikuzika kwa sababu niliamini. Nilizika kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu mzee alikuwa ametembea saa sita. Kwa miaka miwili baadaye, lori likisimama barabarani, bado nilitoka nje.

Tulilifunga shina kwenye blanketi la mume wangu. Daftari niliweka juu, mahali ambapo mikono ingekuwa. Lilikuwa limefika katikati, na hakuna mwingine wa kulimaliza. Barua niliibakiza. Kitabu nacho nilikibakiza, na panya, lazima niseme, walikifikia mwaka uliofuata.