Marashi ya Mama Pua

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Pua hakujipaka marashi, hata siku ya arusi yake. Alioga kwa sabuni isiyo na harufu, pilipili hakuigusa, na mumewe alizoea kulalamika kwamba ameoa mtawa. Kazi ndiyo iliyotaka hivyo. Duka alilofanyia kazi liliuza sigara nene za kuviringwa kwa mkono, za watu wenye pesa zao, na yeye ndiye aliyeonja kila shehena, akaandika daftarini ladha ya kila aina na mteja wa kupendekezewa. Hakuwahi kukosea.

Lakini fadhila za punda ni mateke. Bosi alipomwoza binti yake, alimpa mkwe kiti cha mwonjaji pamoja na madaftari yote. Mama Pua akaambiwa awe anawamiminia wateja maji.

"Dada, pua nayo huzeeka," mkwe alimwambia mbele ya watu.

Mama Pua akaendelea kumimina maji. Moyoni aliapa kwamba bwana huyu atamtambua. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka kumwona akiaibika, tena hadharani.

Siku ikawadia. Mnunuzi wa hoteli kubwa, mzee asiye na haraka, alikuwa anakuja kuonja aina nne. Asubuhi Mama Pua alinunua chupa ya marashi ya waridi, yale makali ya bei rahisi, akajimiminia yote: shingoni, kwenye nywele, mpaka kwenye pindo la gauni. Mumewe akapiga chafya tatu.

"Leo kuna nini?"

"Kazi tu."

Alipoingia na jagi kwenye chumba cha kuonjea, moshi wenyewe ulisalimu amri. Bosi akamkodolea macho, lakini angemfukuzaje mbele ya mgeni? Mkwe hakushtuka hata kidogo. Akafumba macho, akavuta, akaanza: "Hii ina kahawa iliyokaangwa, ngozi mpya, na mwishoni pilipili manga kwa mbali." Neno kwa neno kama lilivyo daftarini, kasuku mzima amevaa suti.

Mzee akaiweka sigara yake kwenye kisahani. "Bwana, tangu huyu mama aingie mimi sisikii ila waridi. Wewe hiyo kahawa umeipata wapi?"

Mkwe akamtazama baba mkwe. Baba mkwe akatazama dari. Mama Pua alisikia raha mpaka vidoleni, wala hakuionea haya.

"Maneno hayo ni ya nani?" mzee akauliza.

"Yangu," Mama Pua akajibu, huku akimmiminia mkwe maji mpaka glasi ikafurika kwenye suruali.

"Basi nionjee wewe."

"Mama, karibu, keti," bosi akawahi, akimvutia kile kiti.

Hakuketi. "Leo sinusi kitu, mzee. Nimejiharibu makusudi. Kesho nitakuwa nimeshaoga. Njoo nyumbani kwangu na sigara za duka lolote upendalo, nami nitakwambia ununue zipi." Akalitua jagi mbele ya bosi. "Za hapa usijisumbue kubeba."