Gari la Marehemu Mbele ya Mlango

Nilisema. Kwa karibu miaka miwili nilikana, mbele ya jirani yangu, mbele ya kamati ya wakaazi na mbele ya kioo cha bafuni, lakini nilisema: "Hiyo nafasi itumie tu, ifanye yako."

Ilikuwa Ilford, pembeni mwa London, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye jengo ambalo kila fleti ilikuwa na nafasi moja ya kuegesha gari. Yangu ilikuwa mbele kabisa ya mlango mkuu. Gari sikuwa nalo. Nilikuwa na shahada mbili na pasi ya basi. Jirani yangu wa chini, Mwingereza mtu mzima aliyefiwa na mkewe, alikuwa na magari mawili: lake, na la marehemu, ambalo hakuwa na moyo wa kuliuza na alikuwa akiliacha mtaa wa nyuma.

Siku moja nilimkaribisha chai, akataja kwamba kuna watu wamelivunja kioo gari la mkewe. Nikamwambia alilete kwenye nafasi yangu. Akakataa. Nikamshikilia, maana nilikolelewa mimi, Unguja, mgeni akikataa ndiyo kwanza unaanza kumkaribisha. Akakataa tena. Hapo nikaweka mkono kifuani na kusema maneno yale. Machozi yakamlenga, akashukuru. Mtu wa kwetu naye angeshukuru, kisha gari angeliacha palepale lilipo. Yeye jioni ile ile alilileta mbele ya mlango.

Halikunisumbua mpaka baba alipofariki na mama akaja kuishi nami. Magoti yake yalikuwa mabovu na kliniki ilikuwa mbali, nikanunua gari. Nilidhani jirani akiliona atajiongeza mwenyewe. Nikangoja. Nikawa nampitia polepole nikimpigia honi ya salamu. Akanipungia mkono.

Kumwomba anirudishie nilichompa kwa mkono kifuani sikuweza. Jambo rahisi zaidi kwa msomi kama mimi lilikuwa kusema kwamba sikumpa.

Nikaidai nafasi yangu kwa kamati ya wakaazi, nayo ikakutana kwenye chumba cha kufulia, katikati ya mashine. Mwenyekiti, mama mmoja aliyetundika miwani shingoni, alituuliza mmoja mmoja. Jirani alieleza habari ya chai, akanigeukia.

"Uliniambia niifanye yangu. Nilikataa mara mbili."

"Sikumbuki kusema hivyo," nilijibu, kwa Kiingereza changu kizuri cha mitihani.

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyepapasa mfukoni akakosa ufunguo. Mwenyekiti akasema hana la kuamua. Mambo yabaki yalivyo mpaka sisi wawili tukubaliane. Hatukukubaliana. Tukaacha hata kusalimiana kwenye ngazi.

Ikawa kila siku ya kliniki mama anatembea hadi mtaa wa nyuma, nilikoegesha gari langu, mkono mmoja kwenye bakora, mwingine kwangu. Akaniuliza kwa nini gari lenye vumbi, lisiloendeshwa na mtu, ndilo linalolala mlangoni. Nikamweleza yote, nikitarajia anionee huruma.

"Ulimshikilia?"

"Nilimshikilia. Ni adabu tu, mama. Yeye hakujua."

"Angejuaje? Ulimwambia?" Akapiga hatua mbili, akapumzika. "Na sasa unamfanya mwongo mbele ya watu."

 Nilikuwa na hoja nyingi, zote nzuri, na nilizitunza kwa zaidi ya mwaka.

Kisha ukaja msimu wa baridi wenye barafu. Mama aliteleza karibu na mapipa ya taka, tukiwa tunaelekea garini. Hakuvunjika, lakini goti lilivimba, na tangu siku hiyo akakataa kushuka chini. Kliniki akaacha. Akawa anasali kwenye kiti, na akimaliza anabaki hapohapo dirishani, akilitazama lile gari. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu.

Kwa jirani ni ngazi moja tu, lakini uso wake sikuuweza. Nilimpigia simu.

"Nilisema yale maneno," nilimwambia. "Siku ya chai. Nilisema, halafu nikakukana."

 Televisheni yake nilikuwa nikiisikia mara mbili, kwenye simu na chini ya miguu yangu.

"Najua ulisema," alijibu. "Nilikuwepo."

Nikaanza kumfafanulia desturi zetu za ukarimu, karibu mhadhara mzima, akanikatiza.

"Mke wangu, kabla akili haijampotea, alianza hivyo hivyo," alisema. "Kukumbuka mambo ambayo watu wengine wanasema hayakutokea. Mimi nilidhani zamu yangu imefika."

Mhadhara ukaniishia. Nilimwomba radhi, kwa Kiingereza ambacho hakikuwa kizuri hata kidogo. Alivuta pumzi, kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwa hiyo unaitaka nafasi yako?"

Ulimi wangu ulitaka kutangulia: aa, usijisumbue, hapana haraka. Mama alikuwa ananitazama kutoka kitini, mkono juu ya goti.

"Ndiyo," nilisema. "Naitaka."

"Nipe mpaka asubuhi," alisema. "Itabidi nitafute wa kunisaidia kulisukuma. Betri yake imekufa siku nyingi."