Mchwa wa Habakuki

Habakuki alikuwa fundi baiskeli pale Korogwe, karibu na stendi, na kwa miaka minne alikuwa mtu wa kuchekwa dukani kwangu. Nasema hivyo bila kujisafisha. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.

Duka langu ni la steshenari. Natoa fotokopi, nauza madaftari, na nauza pakiti za kadi za Ngome, mchezo uliobuniwa na vijana fulani wa Dar. Kila mchezaji hununua kadi zake mwenyewe, huchagua arobaini, na kwa hizo hulinda ukuta wake na kubomoa wa mwenzake. Jumamosi barazani kwangu wanakaa watu wazima kabisa, na ndevu zao, wanagombania picha ya chui. Mwamuzi ni mimi.

Mwenye fedha alinunua pakiti mpaka apate Radi. Radi ilichoma kadi ndogo zote mezani kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kadi ndogo hazikuwa na maana, na watu walizitupa kwenye boksi la viatu chini ya kaunta yangu. Habakuki hakuwa na fedha ya kufukuzia Radi. Alikuja na mikono ya grisi, akajifuta kwenye suruali, akainama na kuokota: Mchwa, Nungunungu, Mchwa tena. Mke wake alirudi kwao Bumbuli, akasema hawezi kuishi na mwanaume anayepanga picha za wadudu kitandani. Nasi tukamtungia wimbo.

Aliyemchokoza zaidi ni Sabiri, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Handeni, mtu wa watu, mcheshi, mwenye Radi tatu. Sabiri ni Mzigua na Habakuki ni Msambaa, kwa hiyo walikuwa watani. Na mtani huku kwetu ana ruhusa. Atakusema mbele ya wakwe zako, atachukua kofia yako aondoke nayo, na wewe utacheka, kisha utaikomboa kwa soda au kwa kuku. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako.

"Wee Msambaa, umeshuka mlimani kuja kuokota taka?"

"Na wewe Mzigua, ugali wa bada umekugandia kichwani."

Basi tulicheka, wiki baada ya wiki.

Mwaka jana mwezi wa nane, Dar walituma orodha mpya ya kadi zilizopigwa marufuku. Ya kwanza ilikuwa Radi. Barazani palikuwa kama msibani. Sabiri alizirusha Radi zake chini, akaapa kwamba mchezo umekufa. Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua dirisha vizuri, Habakuki alikuwa amesimama nje.

"Kaka Julius, hebu tazama. Mchwa anang'oa tofali moja tu kila zamu. Tulimdharau kwa sababu hakuwahi kufika zamu ya pili. Sasa nani atamchoma?" Akapanga kadi kwenye kaunta. "Mbele namweka Nungunungu. Anayempiga anaumia mwenyewe. Na wakiwamaliza mchwa wangu wote, naishusha hii." Ilikuwa Mvua ya Vuli, kadi ambayo hakuna aliyeijali, inayorudisha mezani kila kadi ndogo iliyokufa. "Mvua ikinyesha, wanatoka upya."

Tulicheza mara tano na mara tano alinibomoa. Nilimwonea wivu, sifichi. Fundi wa pancha alikuwa ameona kitu ambacho mimi, mwamuzi, nilikikanyaga miaka minne chini ya kaunta yangu.

Aliniomba nifunge mdomo mpaka mashindano ya mwezi wa kumi. Mshindi wa Korogwe angekwenda Dar, na wenye mchezo huweka kwenye ukurasa wao kadi za washindi, pamoja na jina la aliyebuni mpangilio wake.

"Nataka jina langu liandikwe mahali, kaka," alisema. "Hata mara moja."

Siku ya mashindano alikuja amevaa shati jeupe. Sheria ni kwamba kabla ya kuanza mwamuzi anahesabu kadi za kila mtu, na zikipungua arobaini mchezaji anatolewa. Habakuki alizipanga mezani ili nihesabu. Sabiri alikuwa amesimama nyuma yake. Mkono ukapita begani, na Mvua ya Vuli ikapotelea kwenye mfuko wa shati la Sabiri.

"Nikomboe, mtani!"

Watu wakaangua kicheko. Habakuki naye akacheka, akatoa ahadi ya soda. Sabiri akakataa. Akaahidi kuku. Akakataa.

"Soda ninazo, kuku ninao. Tueleze tu hizi takataka zinafanyaje kazi. Moja moja, na kwa sauti."

Habakuki alinitazama. Neno moja langu lingetosha: rudisha kadi ya watu. Lakini utani ni utani, na watu walikuwa wanafurahi, na ule wivu wangu ulikuwa haujaisha. Nikaitazama saa, nikasema, "Zimebaki dakika tano, Habakuki."

Akaeleza. Alicheka huku anaeleza, kwa sababu ilibidi acheke, na jasho lilikuwa limelowesha shati lote mgongoni. Alipomaliza Sabiri alimrudishia kadi yake kwa adabu, mikono miwili, kisha akanigeukia.

"Zangu hujazihesabu bado, sivyo? Hebu nipe lile boksi."

Nikampa boksi. Nikaongeza na dakika ishirini, kwa heshima ya mteja. Mle ndani mlikuwa na mchwa wa kutosha, hata Mvua za Vuli mbili. Fainali ilikuwa yeye na Habakuki, mchwa kwa mchwa, na Mvua mbili zilishinda moja. Dar Sabiri alitoka wa tatu. Wiki iliyofuata ukurasa uliandika "Mchwa wa Sabiri", na picha yake akiwa ameshika kadi nilizomtolea chini ya kaunta.

Habakuki aliendelea kuja Jumamosi na kucheka na wenzake. Ila siku moja aliniomba, kama mwamuzi, niwaandikie Dar. Nilitaka aondoke, wateja walikuwa wamejaa, nikamwambia chochote: "Lete ushahidi. Sabiri mwenyewe akiri mbele ya watu, nami nikiwepo. Hapo nitaandika."

"Kweli, kaka?"

"Kweli."

Mwezi wa pili mama yake Sabiri alifariki kijijini kwao, Handeni ndani. Tulikwenda wengi, na Habakuki alikuwemo. Makaburini, jeneza lilipowekwa chini, alipenya katikati ya waombolezaji, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali.

"Sitoki mpaka mnikomboe!"

Watu walicheka kidogo, hata wazee. Mtani anaruhusiwa hata hapo, na msiba usio na mtani huonekana umepoa. Mtu akarusha noti ya elfu mbili. Habakuki akairudisha juu. Ikaja ya elfu kumi, nayo akairudisha.

"Sitaki hela. Sabiri aseme kadi ni za nani."

Kicheko kikakatika. Jua lilikuwa kali na maiti ilikuwa inangoja. Shehe alikohoa mara mbili. Sabiri alisogea ukingoni, macho yamevimba kwa kulia.

"Mtani, mama yangu huyu. Si leo."

"Sema, mtani."

Hakuweza kukasirika, kama vile mwenzake hakuweza siku ile. Akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akasema kwa nguvu, sauti ikimkatika: "Mchwa ni wa Habakuki. Mvua ya Vuli ni ya Habakuki. Mimi nilimnyang'anya."

Watu wasiopungua mia mbili walisikia. Mzee mmoja kando yangu aliuliza, "Mchwa gani? Wamekula nyumba yake?" Mwingine akasema huyo Msambaa amelewa. Mjomba wa Sabiri aliuliza kwa ukali nani amemleta, na macho yakaanza kuzunguka.

Habakuki alijitoa kaburini mwenyewe. Hakuna aliyempa mkono. Alikuwa na udongo mpaka kwenye nywele, na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo.

"Kaka Julius, umesikia? Amesema. Sasa utaandika?"

Mjomba wa Sabiri alikuwa ananitazama. Kuandika kungekuwa ni kuwaeleza Dar mwamuzi alikuwa wapi siku ile, na boksi lilitoka kwa nani.

"Nilikuwa nyuma," nilimwambia. "Sikusikia."