Vidole Vikisimama

Mama anayenichapia miswada hajui msuko wa riwaya ni nini, ila vidole vyake vinaujua. Hadithi ikilegea, anachapa mbiombio huku akipiga soga na jirani yake fundi saa. Mara mbili alinirudishia kazi: "Mwalimu, watu wako wanapiga hodi, wanakaribishwa, wanaondoka. Hakuna anayetaka kitu." Nikapangua sura zote. Barua ya marehemu baba, iliyokuwa mwishoni mwa riwaya, binti ninayemsimulia sasa akaipata ukurasa wa kwanza, akaogopa kuifungua. Leo nimekaa kwenye benchi lake, roho juu. Alipofika sura ya tatu, vidole vikapunguza mwendo, vikasimama. Akalamba kidole, akafunua ukurasa wa mbele, na mwingine. Fundi saa akamsemesha, hakuitikia. "Mwalimu, kazi yako njoo kesho," akasema bila kuinua kichwa. "Kwanza nijue kama binti ataifungua." Nikashusha pumzi niliyoibana miaka minne ya kuiandika.