Viboko wa Baba Wenye Miguu ya Mbuzi

Kila nikipita mahali wanapochoma nyaya ili plastiki itoke, pua yangu inanirudisha Buyenzi, kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Wenzangu wakisikia harufu ile wanaziba pua na kulaani. Mimi nasimama nikiivuta, na mwanangu ananishika mkono akiniambia Mama, twende, watu wanatuangalia. Waangalie tu.

Baba yangu alikuwa fundi wa waya na mabati. Mbabula za mkaa, chujio za chai, mitego ya panya, vichanja vya vyombo, vyote alivitengeneza akiwa amekaa chini na koleo lake, kwa nyaya kuukuu alizozichoma mwenyewe plastiki itoke. Watu walimwita Fundi Shoto, maana alitumia mkono wa kushoto. Mafundi wengine wakifunga waya waliusokota kwenda kulia. Yeye aliusokota kushoto, mizunguko mitatu, na ncha akaikunja ndani isimchome mtu. Mama wa nyumba akinunua chujio sokoni aliangalia msokoto kwanza, akiuona anasema hii ni ya Shoto, analipa bila maneno. Jina lile Baba alilitunza kuliko alivyotunza meno yake, na meno kwa kweli yalikuwa yameshaanza kumhama.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, akaja mama mmoja aliyeitwa Madame Spès. Aliongoza chama kidogo cha watu wa kujitolea, ofisi yao chumba kimoja kule Kinindo, na kazi yao ilikuwa kuwasaidia walinzi wa mbuga ya Rusizi, pale mto unapoingia ziwani. Kila Jumamosi waliingia porini kutafuta mitego ya majangili. Alitua gunia mbele ya Baba. Ndani kulikuwa na vipande vya waya vimejaa kutu.

"Fundi," alisema, "hivi tulivikata porini, vilikuwa vinanasa wanyama. Nitengenezee imvubu ndogo, viboko wa kuwauzia wageni, walinzi wapate mabuti. Na siku ya sherehe yetu nitakuita mbele ya watu wote."

"Madame," Baba alijibu bila kuinua macho, "kiboko ni kazi ya asubuhi moja."

Sasa niwaambie jambo ambalo Madame Spès hakulijua. Baba alikuwa hajawahi kumwona kiboko maisha yake yote. Mbuga iko pale pale pembeni ya mji, lakini sisi tulijua njia ya sokoni, ya msikitini na ya kwa wakwe, basi. Shangazi Zuena, dada yake mkubwa aliyekuwa akikaanga sambusa uani kwetu, alimwambia aulize, kuuliza si ujinga.

"Si ujinga kwa mununuzi," Baba alisema. "Fundi akiuliza, bei imeshuka."

Tukafungua kitabu changu cha shule. Kiboko alikuwemo, lakini alikuwa majini: macho, pua na masikio tu. Kilichobaki chini ya maji ikabidi tukijadili. Shangazi naye hakuwahi kumwona kiboko, ila hakuwahi kukosa la kusema.

"Miguu mirefu," alikata shauri. "Si anatoka ziwani anaenda Kinindo kula majani ya matajiri? Na miguu mifupi ataruka ukuta namna gani?"

"Na mukia?" Baba aliuliza.

"Murefu! Inzi wa Rusizi atawafukuza na nini, na barua?"

Nilisema labda mwalimu wangu anajua. Waliniambia nikalete maji.

Madame Spès aliporudi, viboko kumi na wawili walikuwa wamepangwa kibarazani. Alimchukua mmoja, akamgeuza, akamgeuza tena. Alikuwa mtoto wa karani wa Ngagara, amelelewa vizuri, hakutaka kumuumiza mtu.

"Kazi safi sana, Fundi. Ni mbuzi?"

"Ni imvubu."

"Ego, ndiyo," alisema polepole. "Naona... masikio."

Shangazi akadakia kutoka uani, "Ni ya kike, ndiyo maana!"

Madame Spès aliketi kwenye kigoda, akafuta macho kwa leso, nadhani alikuwa anacheka. Kisha akasema Jumamosi Baba aje porini na wanachama, aangalie mwenyewe. Nililia mpaka nikaruhusiwa kwenda naye.

Yewe, siku ile! Tulisimama mbali, nyuma ya mlinzi, matete yananikuna shingo. Kiboko akatoka majini kupanda ukingo, anang'aa, tumbo karibu linaburuzika. Baba aliinama kuangalia chini yake.

"Subhanallah. Miguu iko wapi?"

"Si hiyo hapo," mlinzi alisema.

"Apana! Mwili wote ule juu ya miguu ya kigoda?" Alikasirika kabisa, kama vile kuna fundi mwenzake aliyeharibu kazi. Kiboko naye akageuka, akainua kamkia kake kafupi, akaanza kukazungusha na kutawanya mavi huku na huku. Baba alikatazama kwa muda mrefu.

"Zuena ameniua," alisema.

Tulikuwa tunarudi, tunacheka wote, mlinzi alipoinama kando ya njia akafungua tanzi la waya kwenye shina la mti. La kunasia swala, alisema, jipya, bado halijashika kitu. Akampa Baba alishike, akatangulia. Nilichungulia. Mizunguko mitatu, kwenda kushoto, ncha imekunjwa ndani.

Nilifurahi mno! Kazi ya Baba imefika mpaka porini!

"Baba! Si hii ni ya kwako!"

Aliniminya mkono mpaka vidole vikaniuma. "Nyamaza," alisema.

Nyumbani alimwaga gunia, akapekua vipande vilivyobaki, safari hii akitafuta vifundo chini ya kutu. Alikuta vingi vya kwake. Mwaka mmoja kabla, mtu mwenye baiskeli alikuwa ameagiza matanzi mengi, ya kufungia mbuzi, alisema, na akatununulia Fanta. Baba hakumwuliza kitu.

Wiki ile alitengeneza viboko wengine, wanono, wenye miguu mifupi, wazuri kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Shangazi, aliyemwona akipekua gunia, alimkalia kooni asiseme kwa watu.

"Nani anajua? Mi, we, mutoto na gunia. Gunia halina mudomo. Mutoto nitamupa sambusa. Jina si sufuria, Hamisi, likitoboka huzibi na bati!"

Alinipa sambusa nne. Nilizila zote.

Siku ya sherehe ikafika. Viti vya plastiki, Fanta, na hotuba. Mnajua hotuba zetu: kila msemaji anaanza kuwasalimu wakubwa wote kwa vyeo, mmoja mmoja, na akimaliza salamu Fanta imeshakuwa chai. Watu walikuwa wamesinzia Madame Spès alipomwita rafiki wa mbuga, Fundi Shoto. Makofi. Shangazi, kwenye kitenge kipya, aligeuka nyuma kuhakikisha kila mtu anajua ni mdogo wake.

Baba alitoa lile tanzi mfukoni, akaliinua.

"Mitego hii mingi ni ya mukono wangu," alisema. "Mutu aliniambia ni ya mbuzi. Sikumuuliza mbuzi gani. Mukiona waya umesokotwa hivi, ni wangu. Munisamehe."

Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka akapiga makofi peke yake, akaacha. Shangazi alijifunika kitenge kichwa chote. Mimi nilitamani ardhi inimeze, Baba wakati huo amesimama tu, mkono juu, hajui namna ya kuushusha. Madame Spès ndiye aliyekwenda kumshika mkono, akamketisha mstari wa mbele pamoja na wanachama.

Wateja wengine walituhama. Shuleni nikaitwa Mbuzi-Gani, mwaka mzima na zaidi. Baba akawa haonekani nyumbani Jumamosi, yuko porini na chama, maana hakuna aliyeweza kusoma waya kama yeye. Akiona kifundo anajua ni cha fundi yupi, anakwenda kukaa kwenye kibaraza cha mwenzake mpaka aambiwe nani aliagiza. Nilimkasirikia miaka mingi. Niliona alikuwa na jina zuri akalitupa mwenyewe mbele ya watu wanaokunywa Fanta.

Nilikuja kumwuliza nikiwa mtu mzima, yeye hana jino hata moja. Nikamwambia Shangazi alikuwa na haki, hakuna ambaye angejua.

"We ulikuwa unajua," alisema. "Mutoto wangu anaona kazi yangu, anaifurahia, na mi namwambia nyamaza. Ningekuangalia na macho gani?"

Siku zote nilidhani alikuwa akisema na watu wa sherehe.