Muuguzi mstaafu anavyomwinua tena kiranja wa darasa lake

Saa mbili asubuhi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni ananawa mikono hadi kwenye viwiko katika jiko la nyumba isiyo yake. Anajifuta, anaingia chumbani, anakaa ukingoni mwa kitanda na kuupakata mguu wa kulia wa mwanamke aliyelala pale.

"Sukuma," anasema. "Nisukume kama mtu aliyenichoka."

Mguu unasogea kidogo. "Nimekuchoka kweli," mgonjwa anajibu, maneno yakitoka moja moja, na wote wawili wanacheka.

Wenzake walimpa jina la Nukta tangu chuo cha uuguzi, kwa kuwa hakukuwa na mfupi kama yeye. Sasa ana miaka sitini na saba. Alifanya kazi wodini miaka thelathini na saba, akastaafu, akakaa nyumbani miezi minne tu.

"Nilikuwa naamka, navaa saa yangu ya kazini, halafu nakaa kuitazama," anasema. Siku hizi anazungukia wagonjwa saba majumbani kwao, akiwafunga vidonda na kuwanyoosha viungo, ingawa magoti yake mwenyewe yanamsumbua.

Kwa huyu wa leo hachukui malipo. Huyu ni Kiranja.

"Alikuwa kiranja wa darasa letu, na alikuwa mkali," Nukta anasimulia. "Tulipofundishwa kumgeuza mgonjwa, tulifanyiana mazoezi sisi kwa sisi. Mimi nilipangwa naye. Ukimgeuza vibaya anakwambia rudia. Siku moja nilimgeuza mara tisa."

Baada ya mahafali kila mmoja alipangiwa kituo chake. Barua zilipungua, zikakatika. Miaka miwili iliyopita mwenzao mmoja alifungua kundi la WhatsApp, na kati ya wahitimu thelathini na mmoja wakapatikana kumi na tisa. Wakaanza kuulizana habari za wajukuu, za presha, za waliotangulia mbele ya haki. Namba ya Kiranja ilipatikana, lakini hakupokea simu ya mtu.

Nukta akaamua kwenda mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na binti wa Kiranja.

"Mama alipata kiharusi," alimnong'oneza. "Amesema asiingie mtu."

Kiranja aliposikia sauti ya mgeni aligeuza uso kuelekea ukutani. "Usinitazame," alisema.

Nukta alisimama mlangoni mwa chumba na mkoba wake. Kisha akaona kwamba mkono ulioishiwa nguvu ulikuwa umebanwa chini ya ubavu.

"Nikamwambia, sijaja kukutazama. Nimekuja kukugeuza, maana umelalia mkono. Nikamgeuza. Naye akasema, 'Rudia.'"

Ni miezi kumi sasa. Nukta huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wenzao watatu wanaoishi karibu hupokezana siku nyingine: mmoja humsomea gazeti, mmoja humsuka nywele, na wa tatu, mkunga mstaafu, huja kubishana naye tu.

"Ulimi wa mama umerudi kwa ajili ya huyo mkunga," anasema binti. "Hakubali kushindwa. Na mimi nimepata kupumua. Kabla mama mdogo Nukta hajaja, hata dukani niliogopa kwenda."

Si kwamba mambo huenda sawa kila siku. Mwezi uliopita Kiranja alianguka bafuni, akagoma kufanya mazoezi. Nukta aliendelea kuja, akawa anakaa tu kando yake akishona vifungo. "Siku ya tano akaniuliza kama sina kwangu," anasema. "Nikajua amepona hasira."

Darasa litakutana kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi na moja, katika ukumbi mmoja wa mjini. Kwa kuwa Kiranja anaishi ghorofani, wenzake walipendekeza wakutanie sebuleni kwake. Alikataa katakata. Kutoka mlangoni kwake hadi chini kuna ngazi ishirini na mbili. Wiki hii, akiwa ameegemea bega la Nukta, ameshuka sita na kupanda sita.

"Sitaki abebwe," anasema Nukta, akikunja taulo. "Nataka ashuke kwa miguu yake, polepole, hata ikichukua asubuhi nzima. Wenzetu watangoja."

"Nusu saa," Kiranja anamsahihisha kutoka kitandani.